Uzi wa Pinki kwenye Difu

Sokoni Homa Bay, Phelesia alijulikana kwa mikono yake. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda upande wa wauza mitumba, na mteja akileta gauni lililochanika, alilirudisha hivi kwamba mwenyewe alipatafuta palipokuwa na mchaniko asipaone. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vitulivu. Mumewe, Chrispine, alikuwa na mikono ya kufungua tairi za lori. Ndiyo maana yale magari madogo yalipoingia nyumbani kwao, kazi ya ndani kabisa, kazi ya difu, ilimwangukia mke.

Magari yenyewe yaliachwa na mhandisi wa Kijapani aliyekuja kusimamia mradi wa maji. Chrispine alikuwa dereva wake. Mkataba ulipokwisha, mwaka wa tisini na tatu, yule mhandisi alimwachia magari mawili ya rimoti na sanduku la vipuri, akaenda zake. Hayakuwa vichezeo vya watoto. Yalikuwa magari ya mashindano, marefu kama mkono kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, yenye betri na mota na springi miguuni, na yakishika kasi hata mbwa alibaki nyuma akibwekea vumbi.

Ugonjwa wa magari hayo ulikuwa difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima kila moja lipewe mwendo wake, na kinachoyagawia mwendo huo ni difu. Difu ya lori ni gia za chuma. Ya gari lile ilikuwa gololi dazeni moja, ndogo kuliko punje za mtama, zilizokaa kwenye matundu ya gia ya plastiki, zikibanwa kushoto na kulia na washa mbili laini, visahani vya chuma vyenye tundu katikati. Skurubu moja ndefu ilipita katikati ikavishika vyote, na mwisho wake kulikuwa na springi na beringi ndogo zaidi ambayo gololi zake ukipiga chafya umezipoteza. Skurubu ikilegea, gololi ziliteleza, difu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na plastiki ikaanza kuyeyuka. Ikikazwa mno, gololi zilikwaruza washa na gari likakataa kona.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa, Chrispine aliliweka gari juu ya meza karibu na dirisha, akatoa magurudumu, akafungua mgongo wake na kumkabidhi Phelesia difu juu ya kitambaa cheupe. Phelesia aliosha kila kitu kwa petroli. Alilaza msasa laini juu ya kipande cha kioo, akasugua zile washa kwa mzunguko mpaka zikawa hazina alama. Alipaka grisi nyepesi kwenye gololi kubwa na grisi nyeusi kwenye zile ndogo, akazipanga moja moja kwa ncha ya sindano, akafunga, akashika gurudumu moja na kulizungusha la pili, akasikiliza. Kisha akakaza kidogo tena.

"Sasa mtu anajuaje imetosha?" Chrispine alimuuliza siku za mwanzo.

"Kaza kama unafunga mtoto mgongoni," Phelesia alijibu bila kuinua macho. "Asianguke, asilie."

Chrispine alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Gari la pili lilikuwa limekwisha kuliwa vipuri vyake, na siku moja nati ya mwisho nayo ilichakaa. Ndani yake kulikuwa na kipete cha plastiki cha kuishika skurubu isirudi nyuma, na kipete hicho kiliisha, na Kenya nzima hapakuwa na nati kama ile. Gari likawa linalegea katikati ya mbio. Phelesia alivuta uzi mweusi kutoka kwenye cherehani yake, akauzungusha kwenye meno ya skurubu, akafunga. Ikashika. Ikashika wiki hiyo na nyingine. Chrispine alimshika mkono, akaugeuza na kuutazama kiganja na nyuma.

"Nyar Kendu," alisema, yaani binti wa Kendu, akimwita kwa kwao, Kendu Bay, kama alivyozoea, "mimi naendesha tu. Gari ni lako."

Mbio zilikuwa Migori, uani nyuma ya duka la redio la Ahmednur, mfanyabiashara wa Kisomali aliyeagiza gari lake kutoka Dubai. Alimwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabara, pale uani, akaisawazisha, akapanga matofali kuonyesha kona. Alikuja Mochama, mwenye duka la dawa kule Kisii, na wengine wachache wenye magari au wenye ndugu wenye magari. Miaka miwili Phelesia alikwenda na mumewe. Aliketi kando na kitambaa chake cheupe, na gari likirudi limejaa vumbi, lilikuja moja kwa moja magotini pake.

Mwanzoni mwa tisini na sita Chrispine alipata kazi Migori, ya kuendesha lori la kampuni ya tumbaku. Ilikuwa kazi nzuri. Binti yao, Mili, alikuwa amepelekwa shule ya bweni Oyugis, na Phelesia hakuweza kuacha kibanda, kwa hiyo walikubaliana: baba atakuja kila mwisho wa mwezi. Miezi ya kwanza alikuja na gari chini ya kwapa, na meza ikafanya kazi yake. Baada ya Aprili akaanza kuja mikono mitupu.

"Mbio zimepoa," alisema. "Vumbi nyingi, na watu wako na shughuli zao."

Phelesia alimwamini. Hakumwambia kwamba anaikosa ile meza.

Mwezi wa Agosti, Mochama alipita Homa Bay kwa biashara zake, akaingia kibandani kupunguza suruali. "Shemeji," alisema, "hiyo difu yako inakwenda kama maji! Chris ametupiga mara tatu mfululizo. Tufanyie huruma kidogo."

Phelesia alitabasamu na pini mdomoni. Mochama alipoondoka, zile pini bado zilikuwa mdomoni. Difu hakuigusa tangu Aprili. Kwa vumbi la Migori ilipaswa kufa Mei. Alifikiri, akafikiri, na moyo wake ukamletea jibu ambalo moyo wa mke mwenye kupenda huleta: maskini, anahangaika peke yake na vidole vile vinene, anaona haya kunisumbua. Jumamosi iliyofuata alifunga kibanda, akatia kwenye mkoba grisi, msasa, kioo na kitambaa chake cheupe, akaenda Migori bila kumwambia. Alitaka kumfurahisha.

Alimkuta Chrispine uani kwa Ahmednur, amechuchumaa kando ya gari. Alipomwona mkewe akisimama langoni, alisimama kama mtu aliyeitwa na askari.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kufungua difu."

"Haina haja. Iko sawa."

"Difu ya Aprili iko sawa Agosti?" Phelesia alicheka. "Lete, bwana. Usione haya."

Ahmednur alimrushia salamu kutoka upande wa pili. "Mama Mili! Karibu, karibu sana, ulitupotea!" Kisha akamtazama Chrispine, akayashusha macho, akaenda kunyoosha tofali ambalo halikuwa limepinda.

Phelesia aliketi juu ya kreti chini ya upenu wa duka, akatandika kitambaa, akafungua. Washa zilikuwa safi. Zilisuguliwa kwa mzunguko, si kwa kwenda na kurudi, maana alama zake zilikuwa duara. Gololi zilimetameta. Grisi nyepesi ilikuwa mahali pake na nyeusi mahali pake, hakuna iliyozidi. Alishangaa, na mwanzoni alifurahi. Amejifunza, alijisemea. Kumbe alikuwa akinitazama siku zote.

Ndipo alipotoa skurubu.

Kwenye meno yake palizungushwa uzi. Haukuwa uzi mweusi wa cherehani. Ulikuwa uzi mnene wa kufumia, wa pinki, umezungushwa kwa uangalifu na kufungwa kifundo kidogo cha kike, nadhifu, kama kile cha kumalizia pindo la kitambaa cha mezani. Phelesia aliushika kati ya vidole viwili. Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa wazi mbele yake. Ndani, rafu kwa rafu, kila redio ya Ahmednur ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na vyote vilikuwa vya pinki.

Msichana alitoka na sinia ya chai. Alikuwa mzuri, si wa kupindukia, na kucha zake zilikatwa fupi. "Karibu chai, mama," alisema. Kisha akaona kitambaa cheupe. "Aa! Mbona mmeifungua? Nimeifunga juzi tu."

"Ni wewe unaifunga?"

"Ndiyo. Naitwa Pamela, nauza hapa dukani." Aliweka sinia chini, akachuchumaa, akaitazama ile kazi kwa fahari. "Mwanzo nilisumbuka! Nilikuwa nakaza mpaka inalia kama ina mchanga ndani. Mpaka Chris akaniambia, kaza kama unafunga mtoto mgongoni, asianguke, asilie." Alicheka. "Nikamuuliza maneno hayo umeyatoa wapi. Akasema ni yake mwenyewe."

Phelesia aliilaza skurubu juu ya kitambaa, uzi wake juu.

"Na wewe mama ni mgeni wa nani?"

"Mimi ni mama Mili."

Kicheko cha Pamela kiliondoka usoni polepole. Alimtazama Phelesia, akatazama kioo na msasa vilivyokuwa magotini pake, akamtazama tena.

"Alisema huna habari na magari haya," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema ukiyaona unasonya. Alisema... ndiyo maana hayaleti nyumbani."

Mkono wa Phelesia, ule usiotikisika, uligonga ukingo wa kitambaa. Gololi moja iliruka ikaingia kwenye vumbi. Wanawake wote wawili walipiga magoti papo hapo, maana kila mmoja alijua kwamba difu haifungwi na gololi moja ikikosekana. Walitafuta wakipapasa murram, vichwa vyao karibu kugusana. Pamela ndiye aliyeiona. Aliifuta kwa pindo la gauni lake, akamwekea Phelesia kiganjani.

"Pole," alisema. Akabaki amepiga magoti, akilia bila sauti.

Upande wa pili Mochama alikuwa akiita watu wajipange. Phelesia aliirudisha gololi kwenye tundu lake. Alipanga zingine. Alijua vizuri sana kwamba akiiacha skurubu imelegea nusu mzunguko tu, gari litakwenda raundi mbili hivi, kisha difu italia mbele ya watu wote na kuyeyuka, na hapatakuwa na nyingine. Alilifikiria jambo hilo, na lilikuwa tamu. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuikaza, vikasimama pale vilipozoea kusimama. Hata ule uzi wa pinki aliuacha. Ulikuwa umefungwa vizuri, hakuona sababu ya kuutoa. Alimkabidhi Chrispine gari bila kumtazama, akakunja kitambaa chake, akatoka.

Chrispine alimkimbilia langoni, rimoti bado mkononi.

"Nyar Kendu, ngoja. Ningekuambia. Nilikuwa nangoja Desemba nikuambie vizuri, na mama awepo."

"Ungeoa tu," Phelesia alisema. "Baba yako alioa watatu, na wote tuliwaita mama. Ungekuja ukaniambia nimeoa, ningelia, kisha ningewapikia. Lakini kwa nini ulimwambia sina habari?"

Chrispine aliigeuzageuza rimoti mkononi.

"Sema."

"Ningemwambia ulikuwa ukifunga wewe," alisema hatimaye, "angeniuliza mbona basi nakaa huku."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomuumiza kuliko yote. Nyuma yao magari yalianza kulia. Mtu alipaza sauti, "Chris, tunakungoja!" Chrispine aligeuza kichwa. Kilikuwa kitendo cha mara moja tu, na kichwa kilirudi, lakini Phelesia alikuwa amekwisha kuona.

"Nenda," alimwambia. "Wanakungoja."

Habari zilifika kwa mama mkwe wake kabla ya mwezi kuisha. Bibi huyo alikuja Homa Bay mwenyewe, akaketi kibandani kati ya nguo za watu, akazungumza kwa upole. Alisema mwanamume hafungwi kamba. Alisema binti ni wa watu wazuri wa Rongo, ana heshima. "Mpokee nyieka wako, mwanangu," alisema, yaani mke mwenzio, "mambo yatulie."

"Mama, mimi sikatai mke."

"Sasa unakataa nini?"

Phelesia alijaribu kumweleza. Alimweleza juu ya gololi, na washa, na uzi uliozungushwa kwenye skurubu, na maneno ya mtoto mgongoni. Alivyozidi kueleza ndivyo yule bibi alivyozidi kumtazama kama mtu mwenye homa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, akimshika goti, "unalilia gari la watoto?"

Phelesia alivuta nguo iliyofuata, akaanza kushona. Tangu siku hiyo hakumweleza mtu mwingine. Watu sokoni walimpa pole ya mke mwenzio, naye aliipokea, akasema asante, kwa kuwa pole ile nyingine haikuwa na mtu wa kuitoa.

Pamela alijengewa nyumba yake bomani kwa wakwe, mambo yakaenda kwa utaratibu. Sikukuu zikifika wanawake hao wawili walipika pamoja, wakapishana jikoni kwa adabu. Pamela alimwita dada. Hawakuwahi kutaja difu.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja, Phelesia alitoka kanisani akamkuta Chrispine kwenye kizingiti cha nyumba, gari mikononi. Pamela alikuwa amekwenda kwao Rongo kujifungua.

"Kuna mbio Jumamosi," alisema, akitazama miguu yake. "Nimejaribu mwenyewe. Nimeiharibu. Nifungie."

Angeweza kumfukuza. Mbele za Mungu alikuwa na haki hiyo. Badala yake alifungua mlango, akapangusa meza. Chrispine alitoa magurudumu. Yeye alitandika kitambaa, akamwaga petroli kwenye kibakuli, akaanza. Washa zilikuwa zimekwaruzwa vibaya, akamgombeza. Chrispine akajitetea. Akamwonyesha jinsi alivyoweka springi kinyume, Chrispine akashika kichwa, na wote wawili wakacheka, wakacheka kile kicheko cha zamani, mpaka jirani akachungulia. Jua lilizunguka likaingia dirishani. Chrispine alimshikilia taa ya tochi aone matundu ya gololi. Phelesia alisahau. Mchana mzima alisahau kila kitu, akawa mwanamke mwenye mume na meza na kazi.

Alipokuwa akikaza, Chrispine aliinama kusikiliza pamoja naye. "Hapo," alisema kwa furaha. "Hapo hapo, Nyar Ro..."

Akalimeza neno. Nyar Rongo. Lilikuwa limetoka nusu, na nusu ilitosha.

Phelesia alimalizia kukaza. Alizungusha gurudumu, akasikiliza, akalirudisha gari ndani ya mikono ya mwenyewe.

"Imekaa," alisema.

"Nyar Kendu..."

"Utachelewa gari la Migori."

Alipokwisha kwenda, aliketi pale pale mezani na mikono yenye harufu ya petroli. Hakulia alipogundua, hakulia langoni kwa Ahmednur, wala mbele ya mama mkwe. Siku hiyo alilia. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na jirani alipokuja mbio kuuliza ni msiba wa nani, hakuwa na jina la kumtajia.

Mbio zenyewe hazikudumu. Ahmednur aliuza duka akahamia Nairobi, murram ya pale uani ikajengewa stoo ya saruji, na Mochama akaingia siasa. Chrispine akawa mtu wa lori na watoto wadogo. Alikuja Homa Bay kwa karo ya Mili na kwa matanga, akanywa chai, akasema habari za mvua na bei ya tumbaku. Walizungumza bila ugomvi, na hapakuwa tena na jambo ambalo wao wawili tu walilijua.

Kufikia tisini na tisa Phelesia alikuwa akifungua kibanda hata Jumapili, kanisa likiisha tu. Mchungaji alimfuata mara moja, akamkumbusha kwa upole kwamba hiyo ni siku ya mapumziko. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akamshukuru. Jumapili iliyofuata, saa ile ya mchana ambayo zamani ilikuwa ya difu, alikuwa amekaa kwenye cherehani akipiga pindo la sare ya shule ambayo mwenyewe hakuihitaji mpaka Ijumaa.